Je, aliyeokoka akidai maji safi ameingia siasa?

SWALI. Shalom, Papa Mwalimu. Mimi ni katibu wa vijana katika kanisa moja la kipentekoste, komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Wakati wa kampeni ya 2023 mgombea mmoja alikuja ibadani na bando za mabati. Alipewa maikrofoni kabla ya mahubiri, na sisi tukaambiwa tumwombee. Hakuna aliyesema hiyo ni siasa. Mwaka huu maji ya visima katika avenyu yetu yamebadilika, tangu kiwanda cha kusafisha madini kianze kazi nyuma ya kartie. Mama mmoja wa kwaya alimwagilia lengalenga zake, na majani yakaungua pembeni kama yamepitishwa motoni. Vijana tuliandika barua kwa burgumestri, mkuu wa komini, tukaomba kanisa litie muhuri. Wazee walikataa. Walisema mtu aliyeokoka haingii siasa, na mambo ya haki ni ya Wakatoliki. Binamu yangu naye ananitumia video za wahubiri wa Marekani. Anasema haki ya kijamii ni Ukomunisti uliovaa nguo za kanisa, na Mkristo wa kiinjili wa kweli anajulikana kwa yule anayempigia kura. Nikiendelea na barua hii, je, mimi bado ni Mkristo wa kiinjili?

JIBU. Dada yangu katika Bwana, ndiyo, bado ni Mkristo wa kiinjili, na barua ipelekeni. Lakini wazee wenu si watu wabaya, na binamu yako hakuyabuni hayo anayokutumia. Kila mmoja amerithi fundisho lake mahali fulani. Ukijua lilikotoka, utaweza kukaa nao na kuzungumza bila ugomvi, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Mwaka 1989 mwanahistoria Mwingereza David Bebbington alijiuliza ni nini kinachowaunganisha Wakristo wa kiinjili tangu karne ya 18, akakuta mambo manne. Wanasisitiza kwamba kila mtu aongoke mwenyewe. Wanaipa Biblia neno la mwisho. Wanauweka msalaba wa Yesu katikati ya yote. Tena wanaamini kwamba imani sharti ionekane katika kazi. Wataalamu wamebishana naye juu ya hili na lile, lakini kipimo chake ndicho kinachotumiwa zaidi hadi leo. Jipime nacho. Umezaliwa mara ya pili, unasoma Neno, unatangaza msalaba, na sasa unaona jirani zako wanakunywa maji mabaya na roho yako haitulii. Umepungukiwa nini? Katika mambo hayo manne hamna chama, hamna rais, wala hamna taifa lililopewa haki ya kutuamulia sisi wengine nani wa kiinjili na nani siye.

Kwa kuwa wazee wenu wanaiheshimu Biblia, waombeni funzo la Waraka wa Yakobo, sura zote tano, bila kuruka mstari. Katika sura ya pili mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri anaingia kusanyikoni, anaambiwa aketi mahali pazuri. Maskini anaambiwa asimame kule, au aketi chini miguuni. Yakobo anawaambia waliofanya hivyo kwamba wamekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya. Mstari wa sita anawauliza kama si matajiri haohao wanaowaonea na kuwavuta mbele ya viti vya hukumu. Soma hayo ukiikumbuka ile Jumapili ya mabati. Siku hiyo kanisa lenu lilifanya siasa, tena waziwazi, kwa maikrofoni, kabla ya Neno la Mungu kufunguliwa. Mwaka huu limekataa kusimama na watu wasio na mabati ya kuleta.

Nalisema hilo kwa uchungu, wala si kwa kuwadharau. Kanisa ambalo paa lake linavuja mvua yote ya Januari, ambalo mchungaji wake anaishi kwa sadaka za watu ambao wenyewe wanatafuta bukari ya jioni, haliwezi kukataa bando za mabati kirahisi. Mwanasiasa anaujua umaskini huo vizuri sana, ndiyo maana anakuja na mabati na si na mpango wake wa kazi.

Sura ya tano inatugusa sisi watu wa Katanga hasa. Yakobo anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tarehe 9 Desemba 1941, hapahapa mjini, wakati ule ukiitwa Élisabethville, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma wakitaka nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na askari katika uwanja wa mpira. Mtu anaweza kuhubiri Yakobo 5 Lubumbashi miaka 20 asiitaje siku hiyo hata mara moja, na waumini wakadhani waraka huo ulihusu mashamba ya Wayahudi tu. Kwangu mimi huko ni kuifunga Biblia kinywa.

Sasa niende kwa hili neno kwamba haki ni ya Wakatoliki. Kanisa Katoliki la Congo limelipa gharama kubwa kwa ajili ya haki, na tuliseme bila wivu. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa waliandamana wakitaka Konferansi ya Taifa, ule mkutano wa kuileta demokrasia, ifunguliwe tena, na damu ilimwagika barabarani. Bukavu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Lakini anayesema kwamba sisi wa kiinjili hatuna urithi wowote katika jambo hili hajaambiwa historia ya nchi yake mwenyewe.

Mwaka 1899 mmisionari Mpresbiteri William Sheppard, Mmarekani mweusi, alitumwa na misheni yake huko Kasai kuchunguza habari za vijiji vilivyochomwa. Aliingia katika kambi ya Wazappo Zap, waliokuwa wakikusanya kodi kwa niaba ya Leta, yaani serikali, ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Huko alionyeshwa mikono ya kuume ya watu ikikaushwa juu ya moto. Aliihesabu: 81. Aliandika ripoti, na hakunyamaza baada ya hapo. Mwaka 1909 kampuni ya Kasai iliyofanya biashara ya mpira wa miti ilimshtaki huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa yale aliyoyachapisha, na mahakama ikamwachilia.

Mwaka 1904, huko Baringa, katika misheni ya Balolo, mama mmoja wa Kiingereza aitwaye Alice Seeley Harris alipiga picha ambayo pengine umeiona bila kujua imetoka wapi. Mwanamume anaitwa Nsala. Ameketi ukingoni mwa baraza, anatazama mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, vilivyowekwa mbele yake. Hivyo ndivyo vilivyobaki baada ya askari wa kampuni ya mpira kupita kijijini. Alice na mumewe John walizunguka na picha hizo Uingereza na Marekani, wakizionyesha makanisani kwa taa ya slaidi, hadi watu wa kawaida wakaanza kuwaandikia wabunge wao. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachilia Congo, ikawa koloni la Ubelgiji.

Misheni ya Balolo ilizaliwa kwa kiu ya kuhubiri wokovu kwa watu wasiomjua Yesu. Ilikuwa ya kiinjili moja kwa moja, kuliko makanisa yetu mengi ya leo. Sheppard na akina Harris walikuwa watu wa zama zao, na hawakudai uhuru wetu. Lakini walipoona mkono uliokatwa, hawakusema jambo hilo ni la idara nyingine.

Basi ukimya wetu ulitoka wapi? Naona mikondo miwili.

Wa kwanza ni wa ukoloni. Wabelgiji waliziona misheni za Kikatoliki kuwa ndizo za kitaifa. Waprotestanti walikuwa wageni: Waingereza, Wamarekani, Waswidi, Wanorwe. Shule zao hazikupata ruzuku ya serikali hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mgeni asiyetakiwa hujifunza kutembea kwa kunyata. Huku kwetu, Frederick Stanley Arnot wa Ndugu wa Plymouth alifika kwa mfalme Msiri, Bunkeya, mwaka 1886. Mwaka 1915 wakaja William Burton na James Salter, Wapentekoste, wakaanzia Mwanza katika nchi ya Baluba. Wazee hao waliutegemea sana ujio wa Bwana, na mambo ya utawala kwao yalikuwa ya dunia inayopita. Nawaheshimu. Baadhi ya wenzao walizikwa hapa, au walizika watoto wao hapa. Lakini pamoja na Injili tuliyoipokea, tulipokea pia tabia ya mtu asiyetaka kufukuzwa nchini, tukaiita utakatifu.

Na hata unyenyekevu huo haukumlinda kila mtu. Aprili 1921, huko Nkamba, katekista wa Wabaptisti aitwaye Simon Kimbangu alianza kuhubiri toba na kuwaombea wagonjwa. Alikataza sanamu, ngoma za kienyeji na ndoa za wake wengi. Hakuanzisha chama, wala hakutaja uchaguzi. Lakini watu waliacha kazi wakamfuata, na serikali ikaogopa. Alihukumiwa kifo, Mfalme Albert akaibadilisha adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akaletwa katika gereza la mji wetu huu. Alifia humo tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Mafundisho ambayo Kanisa la Kimbanguisti liliyashika baadaye juu yake ni jambo lingine, na sisi hatukubaliani nayo. Lakini wazee wanaposema aliyeokoka haingii siasa, waulizeni kwa heshima: Kimbangu aliingia siasa lini? Siasa ndiyo iliyomfuata.

Mkondo wa pili ni wa Mobutu, nao uko karibu zaidi, kwa sababu wazee wenu walikuwa vijana wakati ule. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilitambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbanguisti, na Kanisa la Kristo katika Zaire (ECZ), ambalo leo tunaliita ECC. Jumuiya nyingi za Kiprotestanti na za Kipentekoste ziliponea chini ya mwavuli huo wa ECZ. Uongozi wa juu wa ECZ uliunga mkono utawala, na ukapata nafasi ambayo Waprotestanti hawakuwahi kuipata wakati wa Wabelgiji. Ndipo maneno "sisi hatuingii siasa" yalipopata mizizi kwenye mimbari. Wakati huohuo katiba ya 1974 ilikuwa imemfanya kila Mzairwa kuwa mwanachama wa MPR, chama pekee cha Mobutu, tangu anapozaliwa. Hata mtoto aliyewekwa wakfu Jumapili asubuhi tayari alikuwa mwanachama wa chama. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa nje ya siasa. Aliyesema haingii alikuwa ndani tayari, upande wa mwenye nguvu, na hakutakiwa kufanya lolote zaidi ya kunyamaza.

Matunda ya ukimya huo tuliyaona mwaka 1992 na 1993. Sipendi kuyaandika haya, maana majeraha bado yapo na baadhi ya watakaosoma walikuwa upande mmoja au mwingine. Watu wa asili ya Kasai, wengi wao wamezaliwa hapa, baba zao na babu zao walioletwa kufanya kazi Union Minière na katika reli, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliitwa bilulu, wadudu. Familia zilikaa kwenye stesheni za reli wiki na miezi zikingoja treni, na watoto walikufa hapo kwa magonjwa na njaa. Ilikuwa nchi iliyojaa makanisa. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa, wengine katika jumuiya ileile, wanazijua nyimbo zilezile. Kuongoka kwao, ambako sitaki kukukana, hakukuwa kumefundishwa kwamba jirani wa kabila lingine ni jambo la Injili. Walifundishwa kuacha pombe, uzinzi na uchawi. Juu ya kumwita mwanadamu mdudu, mimbari haikuwa na somo lililoandaliwa.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba haki ni nyongeza ambayo mtu anaweza kuiongeza au kuiacha. Kanisa likinyamaza juu ya haki, waumini hawabaki watupu: wanafundishwa na redio, na mkutano wa chama, na wimbo wa mtaani.

Na tayari mambo yamebadilika kuliko wazee wenu wanavyodhani. ECC, mwavuli wetu wenyewe, iliungana na maaskofu Wakatoliki kuangalia uchaguzi wa Desemba 2023, na tangu Januari 2025 wamekuwa pamoja katika mapatano ya kijamii ya amani, wakizungumza na pande zote za vita vya mashariki, hata kufika Goma. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ni Mpentekoste, mtoto wa mchungaji, na hospitali yake ya Panzi, Bukavu, iko chini ya CEPAC, jumuiya ya Kipentekoste. Alianza kwa kuwashona wanawake waliobakwa, kisha akaona kwamba asiposema nani anawabaka na kwa nini, atawashona hadi afe. Mtu anaweza kukubaliana au kutokukubaliana na uamuzi wake wa kugombea urais mwaka 2023. Lakini hakuna anayeweza kumwambia yeye kwamba hayo ni ya Wakatoliki.

Sasa binamu yako. Mwambie kwamba video zile zinatoka katika ugomvi wa familia nyingine. Ni ndugu zetu, lakini nyumba ni yao na historia ni yao. Mwaka 1976 gazeti la Newsweek liliuita mwaka wa wainjili, kwa sababu Jimmy Carter, Mbaptisti aliyejitangaza wazi kuwa amezaliwa mara ya pili, alikuwa akigombea urais. Naye alikuwa wa chama cha Demokrati. Mwaka 1965 mchungaji Jerry Falwell alihubiri kwamba wachungaji hawakuitwa kuandamana, akiwalenga waliokuwa pamoja na Martin Luther King. Mwaka 1979 mchungaji huyohuyo akaanzisha Moral Majority, chombo cha kuwaingiza Wakristo katika siasa, safari hii upande wa Warepublikani. Mwaka 2016 wapiga kura weupe wa kiinjili kama 8 katika 10 walimchagua Donald Trump. Lakini Waprotestanti weusi wa nchi hiyohiyo, wanaoamini wokovu uleule, msalaba uleule na Biblia ileile, wengi wao hupigia upande mwingine. Sasa ni nani kati yao wa kiinjili? Kama kura ndiyo kipimo, mama mweusi wa Alabama aliyeomba kwa machozi miaka 50 ametupwa nje kwa karatasi moja ya kura. Na sisi wa Katuba tusiopiga kura Marekani tutajulikanaje?

Kuhusu Ukomunisti, nimtendee haki, maana kuna hofu ya kweli ndani yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya Waprotestanti wa Marekani walihubiri jamii mpya hadi dhambi, msalaba na ufufuo vikafifia. Wa kiinjili waliogopa, wakakimbilia upande wa pili, wakawaachia wengine maskini. Mwaka 2018 wahubiri kadhaa, John MacArthur akiwa mmoja wao, walitoa tamko wakionya kwamba haki ya kijamii inaweza kuchukua nafasi ya Injili. Inaweza, kweli. Nimesikia mahubiri yaliyokuwa ripoti ya shirika lisilo la kiserikali tangu salamu hadi amina, bila Yesu kutajwa. Lakini kuogopa kwamba chakula kitaharibika si sababu ya kukataa kupika.

Mwambie pia kwamba watu wa kiinjili wenyewe walikwisha kulijadili jambo hili na kulitolea neno. Julai 1974, huko Lausanne, Uswisi, Billy Graham aliwaita zaidi ya watu 2,300 kutoka nchi 150 hivi. Hapo wanaume wawili kutoka Amerika ya Kusini, René Padilla wa Ecuador na Samuel Escobar wa Peru, walisimama wakasema kwamba Injili isiyomgusa mwenye njaa na aliyeonewa imekatwa nusu. Agano la Lausanne, lililoandikwa chini ya uongozi wa Mwanglikana John Stott, lina sehemu ya tano inayohusu wajibu wa Mkristo katika jamii. Inatubu kwa kupuuza wajibu huo, na kwa kudhani wakati mwingine kwamba uinjilisti na kujali jamii ni vitu vinavyopingana. Kisha inasema kwamba upatanisho na wanadamu si upatanisho na Mungu, huduma ya jamii si uinjilisti, na ukombozi wa kisiasa si wokovu. Hata hivyo uinjilisti na kushiriki mambo ya jamii na siasa vyote viwili ni sehemu ya wajibu wetu wa Kikristo. Soma sentensi hiyo pamoja na binamu yako polepole. Inamjibu yeye na inawajibu wazee.

Kuna mahali nakubaliana na wazee wenu, nao wanastahili kusikia hivyo. Kanisa lisiwe tawi la chama. Mchungaji asiwatajie waumini jina la kupigia kura, maana anaishika dhamiri yao, na dhamiri ni ya Kristo. Kwa hiyo msimamo wao uanzie pale ambapo hawakuuweka: mgombea akija mwaka 2028, aketi kwenye benchi kama mgeni mwingine, asalimiwe, asipewe maikrofoni. Akitaka kutoa, mtunza hazina aiandike zawadi hiyo katika daftari pamoja na sadaka nyingine, bila tangazo. Asipokubali masharti hayo, mtakuwa mmejua mabati yalikuwa ya nini. Muumini mmojammoja, kwa upande wake, yu huru kuingia chama, kugombea, kuwa shefu wa kartie. Paulo alidai haki yake ya uraia wa Kirumi huko Filipi, akakataa kutolewa gerezani kwa siri. Na Warumi 13, ambayo najua mmesomewa, inamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. Mtumishi huandikiwa barua. Mnapomwandikia burgumestri mnaiheshimu kazi aliyopewa.

Hii basi ni juu ya barua yenyewe, maana ndiyo iliyotuleta hapa.

Andikeni mlichokiona, msiandike msichokijua. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo inamhusu pia mwenye kiwanda. Msiseme "kiwanda kimetutia sumu". Semeni tangu mwezi gani maji yalibadilika, rangi yake, ladha yake, ni visima vingapi na katika avenyu ipi, lengalenga za mama ziliungua siku gani baada ya kumwagiliwa. Wekeni picha zenye tarehe. Ombeni maji yapimwe. Hofu yenu si ya kubuni: mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini huku Katanga, wakakuta kobalti nyingi mno. Tajeni ibara ya 27 ya Katiba ya 2006, inayompa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na ibara ya 53, inayotoa haki ya mazingira yenye afya. Nakala moja iende kwa Agence Congolaise de l'Environnement. Nakala nyingine ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa ofisi ya komini, tarehe, na jina la aliyeipokea. Bila muhuri huo mtaambiwa baada ya miezi sita kwamba barua haikufika.

Muhuri wa kanisa si lazima. Wekeni majina yenu, na mpite nyumba kwa nyumba: Wakatoliki wa avenyu yenu wanakunywa maji yaleyale, na Wakimbanguisti, na Waislamu. Kabla ya kuipeleka, mwende kwa mzee mmoja wa kanisa mnayemwamini, msome barua yote mbele yake, mmwombe aombe pamoja nanyi, na ikiwezekana awasindikize hadi komini. Akikubali, mpeni kiti cha mbele ofisini. Akikataa, mshukuruni, nendeni bila yeye, na jina lake lisionekane kwenye WhatsApp.